Video za Elimu na Sauti za Herufi: Mwongozo kwa Wazazi, Walezi na Walimu wa Madarasa ya Awali

Katika familia nyingi siku hizi, mtoto wa miaka minne hujua kufungua simu ya mzazi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Hujua pia mahali zilipo video za nyimbo za herufi, na baada ya wiki chache huimba mfululizo wote tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho bila kukosea. Wazazi hufurahi, na wageni hupiga makofi. Lakini mtoto huyohuyo akioneshwa kadi yenye neno "mama", hutokea akasoma "em, ei, em, ei", kisha akanyamaza akisubiri kusifiwa. Herufi zote nne amezitaja, neno hakulisoma.

Jambo hili si dogo. Mtoto anayeingia darasa la kwanza akiwa na wimbo wa herufi bila sauti zake huonekana amejiandaa, na kwa sababu hiyo huenda asipate msaada anaouhitaji. Miezi hupita kabla mwalimu hajagundua kwamba anakariri kurasa za kitabu kwa kusikiliza wenzake. Makala hii inaeleza video zinaweza kusaidia nini katika kufundisha sauti za herufi, ziko wapi hatari zake, na namna mzazi au mwalimu anavyoweza kuzitumia ili mtoto afikie kusoma kweli.

Jina la herufi na sauti ya herufi

Kila herufi ina mambo mawili ambayo watu wazima huyachanganya kwa kuwa wamekwisha kuzoea kusoma. Kwanza ina jina, ambalo hutumika tunapoitaja: herufi ya kwanza ya neno "baba" wengine huiita "be", na waliozoea Kiingereza huiita "bii". Pili ina sauti, yaani kile kinachosikika herufi hiyo inapofanya kazi ndani ya neno. Katika "baba", midomo hufungwa, kisha hufunguka ghafla kuielekea a. Mtoto anayejua jina tu ataunganisha "be" na "a", naye atapata "bea", neno asilolijua. Anayejua sauti ataunganisha b na a, atapata "ba", kisha "baba", neno alilolijua tangu alipoanza kusema.

Ndiyo maana mafunzo ya kusoma katika nchi zetu yamerudi kwenye sauti. Mtaala wa Tanzania wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, unaojulikana kama KKK, ulioanza kutumika mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, uliweka utambuzi wa sauti za herufi katika msingi wa kusoma. Mpango wa Tusome nchini Kenya, ulioanza mwaka huohuo, nao ulitilia mkazo sauti za herufi katika Kiswahili na katika Kiingereza.

Kiswahili kina neema kubwa katika jambo hili. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, na kila moja hubaki na sauti yake popote inapoandikwa. Mtoto aliyezijua irabu hizo tano tu, hata kabla hajafundishwa konsonanti yoyote, anaweza kusoma maneno kamili: ua, oa, au. Akiongezewa m peke yake, anasoma mama, mimi, uma, umia. Lugha chache humlipa mwanafunzi wake mapema kiasi hicho.

Hata hivyo, zipo sehemu zinazohitaji uangalifu. Kuna sauti moja inayoandikwa kwa herufi mbili: ch, sh, ny, th, dh, gh, kh. Kuna tofauti ya ng katika "ngoma" na ng' katika "ng'ombe", ambayo kwa jicho ni alama ndogo tu, lakini kwa sikio ni sauti nyingine kabisa. Kuna m inayosimama peke yake kama silabi katika "mti" na "mtoto", ilhali katika "mbuzi" huegemea b inayoifuata. Video inayofundisha herufi moja moja kutoka a hadi z mara nyingi hupita juu ya mambo haya yote bila kuyagusa.

Tuangalie pia matamshi ya konsonanti zenyewe. Baadhi yake, kama m, n, s, f, l na z, zinaweza kuvutwa: "mmmm", "ssss". Nyingine, kama b, d, g, k, p na t, haziwezi kuvutwa. Anayejaribu kuzivuta hujikuta ameongeza irabu nyuma yake. Mtoto akifundishwa kwamba sauti ya b ni "ba", atakapokutana na neno "bibi" atalisoma "ba-i-ba-i", na kosa halitakuwa lake. Kwa hiyo konsonanti hizi hutamkwa kwa ufupi kadiri iwezekanavyo, na huunganishwa na irabu mapema ili mtoto azisikie zikiwa kazini.

Yale ambayo video inaweza kufanya

Kipindi cha Sesame Street kilianza kurushwa nchini Marekani tarehe 10 Novemba 1969 kikiwa na lengo la kuwaandaa watoto wadogo, hasa wa familia zenye kipato kidogo, kuingia shuleni wakiwa wanajua herufi na tarakimu. Tangu wakati huo watafiti wamepata nafasi ya kupima kwa miaka mingi kama watoto hujifunza kwa kutazama. Jibu la jumla ni ndiyo, kwa watoto waliofikia umri wa miaka mitatu na kuendelea, iwapo kipindi kimetengenezwa kwa kusudi hilo.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam hutengeneza katuni za Akili and Me, zinazomhusu Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye kila anapolala huingia katika nchi ya ndoto na kujifunza pamoja na rafiki zake wanyama. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland, uliwalinganisha watoto waliotazama katuni hizo kwa wiki kadhaa na wenzao waliotazama vipindi vingine. Waliotazama Akili and Me walifanya vizuri zaidi katika stadi kadhaa za kujiandaa na shule, zikiwamo kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora.

Kwa upande wa sauti za herufi, video ina faida zake za pekee. Inaweza kuonesha mdomo kwa karibu, ili mtoto aone meno yanavyogusa mdomo wa chini katika f na midomo inavyofungwa katika m. Inaweza kuonesha herufi ikiandikwa polepole, kwa mwelekeo sahihi wa mkono. Inaweza kurudia jambo lilelile mara kumi bila kuchoka wala kukasirika, fadhila ambayo si kila mtu mzima anayo jioni baada ya kazi. Tena inaweza kumpa mtoto matamshi ambayo nyumbani kwake hayapo. Baadhi ya lugha zetu hazitofautishi r na l. Kikuyu, kwa mfano, hakina l katika maandishi yake. Sauti kama gh na dh nazo huwasumbua wengi, walimu wakiwamo. Mtamkaji mzuri katika video ni msaada wa kweli hapo.

Yale ambayo video haiwezi kufanya

Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, nchini Marekani, walichapisha utafiti unaopaswa kujulikana na kila mzazi mwenye simu janja. Watoto wachanga wa miezi tisa, waliozaliwa katika familia za Kiingereza, walikutanishwa na wazungumzaji wa Kichina cha Mandarin katika vipindi 12 vya kucheza na kusomewa vitabu. Baadaye watoto hao waliweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo hazimo katika Kiingereza. Kundi jingine lilipewa wazungumzaji walewale na maneno yaleyale, lakini kupitia skrini. Kundi hilo halikujifunza kitu.

Utafiti mwingine, wa Judy DeLoache na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusu watoto wa kati ya miezi 12 na 18 waliotazama nyumbani, kwa mwezi mzima, video iliyouzwa kwa ajili ya kuwafundisha maneno. Hawakuwapita wenzao ambao hawakuitazama kabisa. Waliojifunza zaidi ni wale ambao wazazi wao waliambiwa tu wayafundishe maneno hayo kwa namna yao wenyewe, katika shughuli za kila siku, bila video yoyote.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2018, Kuhl na wenzake walirudia jaribio la Kichina kwa kuwaacha watoto wachanga waigusishe wenyewe skrini ili kuianzisha video. Baadhi walikuwa peke yao, na wengine wawili wawili. Waliokuwa na mwenzao walionesha dalili za kujifunza sauti ambazo waliokuwa peke yao hawakuzionesha. Skrini ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na mtu mwingine wa kutazamana naye na kubwabwaja naye.

Tunachojifunza ni hiki: sikio la mtoto hufunguka kwa ajili ya mtu. Video haijui kama mtoto ametamka s au th. Haioni kwamba ameangalia pembeni. Haiwezi kusema, "Hapo umekosea kidogo, hebu nitazame mdomo." Kazi hiyo hubaki kwa mama, baba, bibi, dada mkubwa au mwalimu, na video ikiachiwa kazi hiyo, matokeo yake ni yule mtoto wa "em, ei, em, ei".

Tatizo la lugha ya video

Video nyingi za herufi zinazopatikana kwenye intaneti ni za Kiingereza. Kwa mtoto ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza kusoma, tatizo ni kwamba herufi zilezile hubeba sauti tofauti. Herufi e ikitajwa kwa Kiingereza husikika kama i yetu. Herufi i husikika kama "ai". Herufi a husikika kama "ei". Video ikionesha mwavuli na kusema kwamba u ni ya "umbrella", sikio la mtoto wetu linasikia sauti iliyo karibu na a. Ikionesha twiga kwa ajili ya g, kwa maana Kiingereza humwita "giraffe", mtoto anasikia sauti ya j. Herufi c katika Kiingereza husomwa mara kama k, mara kama s, na katika Kiswahili haisimami peke yake kabisa. Herufi q na x hazitumiki katika maneno yetu. Mtoto anayejifunza kwa video hizo kabla ya kuimarika katika Kiswahili hulazimika kubomoa alichojenga.

Zipo pia video zilizotafsiriwa kwa haraka. Katika nyingi za Kiingereza, herufi s huchorwa kwa umbo la nyoka, kwa sababu neno lao la nyoka huanza na s na umbo la mnyama hulikumbusha umbo la herufi. Mbinu hiyo ni nzuri; tafiti tangu miaka ya 1980 zimeonesha kwamba picha inayofanana na herufi, na ambayo jina lake huanza na sauti ya herufi hiyo, humsaidia mtoto kukumbuka. Lakini picha hiyo ikihamishiwa katika Kiswahili bila kufikiri, mtoto anaona s, anaona nyoka, na kinywani anapata ny. Afadhali s ya simba au ya sufuria, hata kama umbo halifanani.

Hatusemi kwamba Kiingereza kisifundishwe. Watoto wengi wa shule zetu watakihitaji, na wengine wanakisikia nyumbani. Shauri letu ni mpangilio: mtoto apate kwanza sauti za lugha anayoisema, azizoee hadi asome maneno mafupi, kisha aambiwe wazi kwamba katika Kiingereza herufi hizi husema mambo mengine. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwamba herufi hubeba sauti hulipokea jambo hilo bila taabu kubwa.

Namna ya kuchagua video

Kabla mtoto hajaoneshwa video yoyote, mtu mzima aitazame yote hadi mwisho, na ajiulize maswali yafuatayo.

1. Je, inatamka sauti ya herufi au jina lake tu? Ikiwa ni jina tu, ifaa kwa wimbo wa furaha, haifai kwa somo la kusoma.

2. Je, konsonanti zinatamkwa safi, bila irabu ya ziada? Sikiliza hasa b, d, k na t.

3. Je, inafundisha sauti chache kwa wakati mmoja? Video inayopitia herufi zote kwa dakika mbili humfundisha mtoto mdundo wake. Yenye sauti moja au mbili kwa dakika tatu humfundisha sauti.

4. Je, inamwachia mtoto nafasi ya kujibu? Vipindi vizuri huuliza, kisha hunyamaza kwa sekunde chache. Blue's Clues, kipindi cha watoto kilichoanza Marekani mwaka 1996, kilijengwa juu ya ukimya huo, na sehemu moja ilirushwa kwa siku tano mfululizo. Watafiti waliona kwamba kadiri siku zilivyoendelea watoto walizidi kuelewa na kujibu.

5. Je, maneno na picha zake mtoto anazijua? Mama, maji, kuku, ndizi na jembe humfikia upesi kuliko tufaha na theluji.

6. Je, herufi inaonekana kwa ukubwa, kwa umbo lilelile atakaloliona katika kitabu chake, na kwa muda wa kutosha? Herufi zinazorukaruka, zenye macho na miguu, huchekesha, lakini mara nyingi mtoto hukumbuka macho na kusahau herufi.

Somo moja la dakika ishirini

Tuchukue mfano wa sauti ya m, kwa mtoto ambaye amekwisha kuzijua irabu tano.

Anza kwa mdomo, simu ikiwa mfukoni. Kaa uso kwa uso na mtoto, na useme polepole: mmmaji, mmmeza, mmmoto. Mwulize ni sauti gani anayoisikia mwanzoni. Mwambie aweke kidole kwenye midomo yake na aone inavyofungwa. Dakika tatu zinatosha. Mtoto anapaswa kuipata sauti sikioni kabla ya kuiona machoni.

Kisha mwoneshe video mara moja, bila kumkatiza. Mara ya pili, isimamishe kila inapouliza swali, hata kama yenyewe haikungojea. Mtoto ajibu ndipo iendelee. Akikosea, usicheke wala usimkaripie. Tamka wewe, akuangalie, arudie.

Baada ya hapo zima skrini. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ndiyo yenye matunda. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa. Mtoto alipitisha vidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake. Njia hiyo inaendelea hadi leo, na nchini Tanzania yapo mashirika ya masista yanayoendesha vyuo vya kuwaandaa walimu wa Montessori. Pasipo na karatasi ya msasa, mchanga uliotandazwa kwenye sinia unatosha, au unga kidogo juu ya meza. Mtoto achore m kwa kidole na aseme "mmm".

Montessori alitumia pia hatua tatu zinazofaa sana hapa. Kwanza mwalimu husema: "Hii ni mmm." Kisha, akiwa ameweka kadi mbili au tatu, huuliza: "Nioneshe mmm." Mwishowe hunyoosha kidole na kuuliza: "Hii inasemaje?" Mtoto akikwama katika hatua ya tatu, hurudishwa ya pili bila lawama.

Sasa unganisha. Weka kadi ya m karibu na kadi ya a, uzisogeze polepole mpaka zigusane: mmm, a, ma. Fanya hivyo kwa irabu zote: ma, me, mi, mo, mu. Hapa ndipo njia ya sauti na njia ya silabi waliyoizoea wazee wetu zinapokutana, na hazina ugomvi. Malizia kwa neno zima: mama, mimi, uma. Mtoto asome mwenyewe, hata kama atachukua dakika nzima.

Kabla ya kulala, mchezo mfupi unafaa kuliko video ya pili. Kama tunavyotegeana vitendawili, mzazi aseme: "Natafuta kitu jikoni kinachoanza na sss." Mtoto atajibu "sufuria", au "sahani", au atataja kitu kisichokuwepo, na kicheko kitakuwa sehemu ya somo. Siku zinazofuata rudia video ileile kwa siku tatu au nne kabla ya kuhamia sauti nyingine.

Katika darasa kubwa

Mwalimu mwenye watoto 60 na runinga moja ana changamoto zake. Watoto wa nyuma hawaoni mdomo wa mtamkaji, na sauti kama f, s na th ni hafifu, hupotea upesi katika kelele. Mvua ikianza kupiga bati, video ya sauti za herufi haina kazi tena. Inafaa kugawa darasa katika makundi, kundi moja likitazama huku mengine yakichora mchangani au kupanga kadi, na kutumia spika ya nje badala ya ile ya simu. Mwalimu asimame kando ya skrini, awatazame watoto, ili aone midomo ipi inatamka na ipi imefumba.

Pasipo na umeme wala runinga, video bado ina kazi moja muhimu: kumfundisha mwalimu. Katekista, mlezi au mwalimu wa darasa la awali anaweza kuitazama katika simu yake usiku uliotangulia, akasahihisha matamshi yake ya gh au ng', akajifunza wimbo na ishara zake, na kesho yake akawafundisha watoto kwa kinywa chake mwenyewe. Watoto hao hawataona skrini, nao hawatakuwa wamepungukiwa.

Muda, macho na usalama

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa wasiotimiza mwaka mmoja, skrini haipendekezwi kabisa, wala kwa walio na mwaka mmoja. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Somo la dakika ishirini tulilolieleza hutumia skrini kwa dakika sita au saba tu.

Hatari nyingine ni kile kinachofuata baada ya video. YouTube ikiachwa iendelee yenyewe, kutoka katika sauti ya m mtoto anaweza kujikuta, baada ya nusu saa, katika mambo ambayo mzazi asingeyaruhusu. Ni vema kuzima mpangilio wa kuendelea kucheza, kuhifadhi video chache zilizochaguliwa ndani ya simu, na kukata intaneti kabla ya kumpa mtoto. Hatua hiyo huokoa pia bando.

Kutambua kama mtoto amejifunza

Wimbo usiwe kipimo. Mwoneshe mtoto herufi moja nje ya mpangilio wake: je, anatoa sauti yake? Tamka sauti: je, anaichagua kadi yake kati ya tatu? Mpe silabi ambayo haikuwamo katika video: je, anaisoma? Mwambie aandike "ma" mchangani: je, mkono unajua? Akiweza mambo hayo manne, songa mbele. Asipoweza, rudi nyuma kwa utulivu. Watoto hawana mwendo mmoja.

Mtoto anayeendelea kuchanganya sauti nyingi, anayeongeza sauti ya runinga kila mara, anayetokwa na usaha masikioni au asiyegeuka anapoitwa, apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio. Wapo watoto walioitwa wazito wa kuelewa ilhali walikuwa hawasikii vizuri.

Hitimisho

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, uliwakumbusha wazazi kwamba wao ndio waleaji wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Wajibu huo hauhitaji mzazi awe msomi. Mama anayeuza nyanya sokoni anaweza kuketi na mwanawe kwa dakika ishirini, akatazama naye, akatamka naye "mmm", akachora naye mchangani. Siku ambayo mtoto atasoma "mama" kwa mara ya kwanza, atainua macho kutoka kwenye kadi kumtafuta mtu wa kumwonesha. Basi na awepo mtu karibu.